Friedrich Froebel: Jina Lililosafiri Bila Bustani Yake

Utangulizi

Mtu anayepita katika vichochoro vya Mjambere, eneo la Kisauni upande wa bara wa Mombasa, hakosi kukutana na bango la shule ya watoto wadogo lililoandikwa neno "kindergarten". Neno hilo limezoeleka kiasi kwamba wengi hulidhania kuwa la Kiingereza, ilhali asili yake ni Kijerumani na maana yake ni bustani ya watoto. Hata hivyo, ukilifungua lango lililo chini ya bango hilo, aghalabu huioni bustani. Utaona vyumba vya mawe na mabati, mabenchi yaliyobanana, na watoto wa miaka minne wakinakili herufi kutoka ubaoni. Ua, iwapo upo, ni mahali pa kupumzikia kwa dakika chache tu.

Kabla ya kujiunga na masomo ya uzamili, nami nilifundisha kwa mwaka mmoja katika shule ya aina hiyo mtaani humo. Asubuhi moja, baada ya mvua ya masika, mtoto mmoja aliingia darasani akiwa ameficha kitu kiganjani. Alikuwa na jongoo aliyejikunja kama kifungo. Wenzake waliacha madaftari, wakamzingira, wakaanza kuuliza: ana miguu mingapi, anakula nini, mbona amejikunja. Mimi nilikuwa na somo la kumaliza. Nilimwamuru mtoto amtupe jongoo nje na anawe mikono, kisha tukarudi kwenye herufi yetu. Tukio hilo lilikuwa dogo, nami nililisahau hadi nilipoanza kusoma maisha ya Friedrich Froebel, mtu aliyelibuni neno lile la kwenye bango.

Makala haya yanasimulia maisha ya mtu huyo kwa ufupi. Madhumuni yake ni kuonyesha kwamba kwa Froebel bustani ndiyo iliyokuwa shule yenyewe, na kwamba sisi tumelipokea jina likiwa limekwisha kutengana na kitu linachokitaja. Kwa wanafunzi wa Kiswahili, suala hili ni la lugha pia, maana sitiari tunayoichagua kumwelezea mtoto huchangia kuamua namna tutakavyomfundisha.

Utoto wa upweke

Friedrich Froebel alizaliwa tarehe 21 Aprili 1782 katika kijiji cha Oberweissbach, kwenye milima ya misitu ya Thuringia, Ujerumani. Baba yake alikuwa mchungaji wa Kanisa la Kilutheri, mtu mwenye kazi nyingi na mkali wa tabia. Mama yake alifariki wakati mtoto akiwa na umri wa miezi tisa tu. Baba alioa tena, na mwanzoni mama wa kambo alimwonyesha Froebel upendo. Alipojifungua mwana wake mwenyewe, upendo huo ulimhama Froebel ukaenda kwa mtoto mchanga. Tangu hapo Froebel akawa kama mgeni nyumbani kwa baba yake.

Kusoma kulimwia kugumu. Baba yake alijaribu kumfundisha mwenyewe, akachoka, akamwona kuwa mzito wa akili, kisha akampeleka katika shule ya wasichana ya kijijini. Faraja ya mtoto huyo ilipatikana nje ya nyumba. Palikuwa na bustani ambamo alimsaidia baba yake kazi, na humo alizoea kuyatazama maua kwa muda mrefu. Kaka yake mkubwa, Christoph, alipokuja likizo, ndiye aliyemweleza kwamba hata mimea ina uume na uke, akamwonyesha maua madogo ya mti uliokuwa karibu. Kwa mtoto aliyekuwa akisikia mambo ya uzazi yakisemwa kwa hofu na aibu katika nyumba ya mchungaji, maelezo hayo yalikuwa kama dirisha lililofunguliwa. Aliona kwamba ulimwengu wa mimea na ulimwengu wa watu una kanuni zinazofanana, na wazo hilo hakuliacha maishani mwake.

Mwaka 1792, akiwa na miaka kumi, mjomba wake, nduguye marehemu mama, alikuja kuwatembelea. Alipoiona hali ya mpwawe alimchukua akaenda kuishi naye katika mji wa Stadtilm. Kwa mjomba alipata mambo mawili aliyoyakosa: kuaminiwa na mtu mzima, na kucheza na watoto wa rika lake.

Mwanagenzi wa msituni

Mwaka 1797 baba yake aliamua kwamba kijana huyu hafai kwa masomo ya juu, akamweka kuwa mwanagenzi wa bwana misitu kwa miaka miwili. Bwana misitu huyo aliijua kazi yake vizuri, lakini hakuwa na kipaji wala nafasi ya kuifundisha. Kijana akaachwa ajifunze peke yake. Alisoma vitabu alivyovikuta, akakusanya majani na maua, akajitafutia majina yake. Yamkini hapa ndipo Froebel alipojifunza mambo mawili ambayo baadaye yangekutana katika kazi yake: kwamba kujua jambo na kulifundisha ni mambo tofauti, na kwamba msitu humfundisha mtu aliyepewa muda wa kuutazama.

Mwaka 1799 alifanikiwa kuingia Chuo Kikuu cha Jena. Huko alisikiliza mihadhara ya hisabati na ya elimu ya mimea, lakini fedha zilimwishia. Aliwekwa kwa majuma tisa katika jela ya chuo kwa sababu ya deni, akarudi nyumbani bila shahada. Baba yake alifariki mwaka 1802. Katika miaka iliyofuata Froebel alihangaika huku na huku, mara karani, mara mpima ardhi, bila kujua aliko mwito wake.

Mwaka 1805 alikwenda Frankfurt akiwa na nia ya kusomea usanifu wa majengo. Huko alikutana na mwalimu mkuu wa shule moja, Gottlieb Anton Gruner, ambaye alitambua kwamba kijana huyu angefaa zaidi kujenga watu kuliko nyumba, akampa darasa. Froebel alikuwa na miaka 23. Siku ya kwanza mbele ya wanafunzi alijihisi kama samaki aliyerudishwa majini.

Gruner alikuwa mfuasi wa Johann Heinrich Pestalozzi, mwalimu mashuhuri wa Uswisi aliyetaka mtoto ajifunze kwa kutazama na kushika vitu kabla ya kukariri maneno. Froebel alimzuru Pestalozzi huko Yverdon mwaka huohuo wa 1805, kisha akarudi kukaa naye kuanzia 1808 hadi 1810, akiwa na wavulana wa familia ya Holzhausen aliowafundisha. Ni kwa wavulana hawa kwamba alijaribu kwa mara ya kwanza kazi ya bustani kama njia ya kufundishia. Baba yao aliwapa kipande cha ardhi, nao wakalima pamoja na mwalimu wao na kuwapa wazazi na marafiki mazao yake.

Mawe, vita na Keilhau

Froebel hakuridhika na ujuzi aliokuwa nao. Mwaka 1811 alikwenda Göttingen na mwaka uliofuata Berlin, ambako alijifunza elimu ya madini chini ya Christian Samuel Weiss. Fuwele zilimvutia sana. Jiwe lisilo na uhai lilikua kwa kufuata umbo lake la ndani, pande zake zikitoka mahali pamoja. Akawaza kwamba ikiwa jiwe lina kanuni ya ukuaji, sembuse mtoto.

Mwaka 1813, Wajerumani walipoinuka dhidi ya majeshi ya Napoleon, Froebel alijitolea kwenda vitani. Hakupata sifa kubwa ya kivita, lakini kambini alipata marafiki wawili, Wilhelm Middendorff na Heinrich Langethal, walioshirikiana naye kwa miaka mingi. Mwaka huohuo kaka yake Christoph, yule aliyemfunulia siri ya maua, alifariki kwa homa aliyoambukizwa akiwahudumia askari wagonjwa. Aliacha wajane wa moyo, mke na watoto watatu.

Kifo hicho kiligeuza maisha ya Froebel. Mwaka 1816 aliacha kazi nzuri aliyokuwa nayo katika jumba la makumbusho ya madini huko Berlin, akaenda Griesheim kuwalea na kuwafundisha watoto wa ndugu zake. Mwaka 1817 shule hiyo ndogo ilihamia kijiji cha Keilhau. Hapo wanafunzi walilima, walichonga mbao, walijenga vijumba na mabwawa, walipanda milima na kuogelea. Masomo ya kawaida hayakuachwa, bali yaliambatana na kazi hizo. Mwaka 1826 Froebel alichapisha kitabu chake kikubwa kuhusu elimu ya binadamu. Lugha ya kitabu hicho ni ngumu, na kwa kweli Froebel hakuwa mwandishi mwepesi. Hoja yake ya msingi, hata hivyo, inaeleweka: kila kiumbe kina asili iliyotoka kwa Mungu, na kazi ya malezi ni kuisaidia asili hiyo ijitokeze kwa vitendo.

Serikali za wakati huo zilishuku kila mahali palipokusanya vijana na mawazo mapya. Mkaguzi aliyetumwa Keilhau aliandika ripoti ya kuisifu shule, lakini shaka haikuondoka. Wazazi waliwatoa watoto wao, na kufikia mwaka 1829 wanafunzi walikuwa wamebaki watano.

Bustani yenyewe

Kuanzia 1831 Froebel alifanya kazi Uswisi, na mwaka 1835 akapewa kuongoza nyumba ya mayatima huko Burgdorf. Ni katika miaka hii alipotambua kwamba shule zilikuwa zikichelewa. Mtoto alipofikishwa kwa mwalimu, misingi mingi ilikuwa tayari imewekwa, au imeachwa bila kuwekwa. Akaamua kuwaelekea walio wadogo zaidi, wale ambao wakati ule watu wengi hawakudhani kuwa wana jambo la kufundishwa.

Mwaka 1837 alirudi Thuringia, akafungua taasisi ya michezo ya watoto katika mji mdogo wa Bad Blankenburg. Alitengeneza vifaa alivyoviita zawadi. Ya kwanza ilikuwa mipira sita laini ya sufu, kila mmoja wa rangi yake. Ya pili ilikuwa tufe, mchemraba na mcheduara wa mbao. Ya tatu ilikuwa mchemraba uliokatwa vipande vinane, ambao mtoto angeweza kuubomoa na kuujenga upya. Kwa muda mrefu alikosa jina la kuiita taasisi hiyo. Siku moja, akitembea mlimani pamoja na Middendorff, akitazama bonde lililotanda chini yake, jina lilimjia. Tarehe 28 Juni 1840, katika sherehe za kuadhimisha miaka 400 ya uchapaji wa Gutenberg, jina hilo lilitangazwa rasmi.

Kinyume na wanavyodhani wengi, jina hili halikuwa la mfano tu. Froebel alitaka kila shule ya aina hiyo iwe na ardhi, na aliipangilia ardhi hiyo kwa uangalifu. Kila mtoto alikuwa na kitalu chake kidogo, ambamo aliruhusiwa kupanda apendavyo na kuona kwa macho yake matokeo ya kumwagilia au kusahau kumwagilia. Vitalu hivyo vilizungukwa na shamba la wote, lenye maua upande mmoja na mboga na nafaka upande mwingine, ambalo watoto walilitunza pamoja. Mpango huo wenyewe ulikuwa somo. Mtoto alikuwa na kilicho chake, na kilicho chake kilihifadhiwa ndani ya kilicho cha wote. Ukosefu wa mali haukumzuia kulima. Aliyekosa uwanja angeweza kutumia sanduku au chungu.

Fauka ya hayo, Froebel aliwakabidhi wanawake kazi hii. Alianza kuwafunza wasichana kuwa walimu wakati ambapo nafasi za ajira kwa wanawake wasomi zilikuwa haba. Kwa wanaume wengi wa zama zake, jambo hilo lilikuwa la kuchekesha kama lile la kumwona mzee wa miaka sitini akirukaruka na watoto vilimani.

Marufuku na kifo

Mwaka 1849, akiwa Bad Liebenstein, Froebel alikutana na Bertha von Marenholtz-Bülow, mwanamke wa tabaka la juu ambaye wenyeji walimwambia kuwa mzee yule ni mpumbavu. Yeye alimsikiliza, akaamini, na ndiye aliyefungua milango ya wakuu kwa ajili ya shule za Froebel.

Kisha likaja pigo. Baada ya mapinduzi ya 1848, serikali ya Prusia ilikuwa ikisaka kila dalili ya uasi. Tarehe 7 Agosti 1851 ilipiga marufuku bustani za watoto, kwa madai kwamba zilieneza ujamaa na ukanaji wa Mungu. Sehemu ya sababu ilikuwa kumchanganya Froebel na mpwa wake, Karl Froebel, aliyekuwa na maandishi ya kisiasa. Mzee alieleza kosa hilo, lakini maelezo yake hayakukubaliwa. Ni ajabu kwamba mtu aliyemwona Mungu katika kila jani alishtakiwa kwa kumkana. Lakini huenda watawala hawakukosea kabisa katika hofu yao: mtoto aliyezoea kuuliza, kuchunguza na kuamua juu ya kitalu chake si rahisi kumfanya mtu wa kuitikia tu.

Froebel alifariki tarehe 21 Juni 1852 huko Marienthal, akiwa na miaka 70, marufuku ikiwa bado ipo. Alizikwa katika kijiji cha Schweina, na kaburi lake likawekewa mawe yenye maumbo ya zawadi yake ya pili: mchemraba, mcheduara na tufe. Marufuku iliondolewa mwaka 1860.

Jina bila bustani

Wakati huo mbegu ilikuwa imekwisha kusambaa. Margarethe Schurz alifungua shule ya namna hiyo huko Watertown, Marekani, mwaka 1856, na Elizabeth Peabody akafungua nyingine Boston mwaka 1860. Mwaka 1876 ilifika Tokyo. Lakini kadiri shule zilivyoongezeka, ndivyo ardhi ilivyopungua. Katika miji mingi walimu walizichukua zile zawadi, wakaziingiza vyumbani, wakawapangia watoto namna moja ya kuzitumia kwa amri. Lawama nyingine inamhusu Froebel mwenyewe, kwa kuwa alizielezea zawadi zake kwa falsafa nzito kupita kiasi, hata wafuasi wake wakashika umbo na kuacha kiini. Hatimaye neno likafika kwetu, likaandikwa kwenye mabango, nayo bustani ikawa imebaki njiani.

Kiswahili chetu kina hazina kubwa ya methali za malezi. Tunaambiwa kumkunja samaki angali mbichi, na kuuwahi udongo ungali maji. Methali hizi zina hekima, kwani zinatuhimiza tusichelewe, na Froebel angekubaliana nazo katika hilo. Lakini samaki huyo amekwisha kufa, na udongo hauna uhai. Vyote viwili vinangoja mkono wa mtu mzima uvipe umbo. Methali nyingine inasema mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Hapa mtoto ndiye anayekua, na mkubwa hulea tu, kama mkulima asiyeweza kuuvuta mche ili urefuke. Tunalo pia neno kitalu, mahali pa kuoteshea miche michanga, ambalo kila mkulima wa pwani analijua. Tumesema nasari, chekechea, na wenzetu wa Tanzania wakasema shule ya vidudu. Neno lililo karibu kabisa na wazo la Froebel tumewaachia wakulima.

Sidai kwamba juhudi hazipo. Katika miaka ya 1980, Mombasa ilianzisha mpango wa shule za awali za madrasa kwa msaada wa Wakfu wa Aga Khan, ambapo walimu walifundishwa kutengeneza vifaa vya kuchezea kutokana na vitu vya mazingira yao, kama vile mbegu, vifuu na makombe. Mpango huo baadaye ulienea Zanzibar na Uganda. Katiba ya Kenya ya 2010 iliikabidhi elimu ya awali kwa serikali za kaunti, na Mtaala wa Umilisi, ulioanza kutumika nchini kote mwaka 2019, umeweka shughuli za mazingira kuwa sehemu ya masomo ya watoto hao. Kilichosalia ni mwalimu kukubali kutoka nje ya chumba, na mzazi kukubali kwamba daftari lisilojaa si ushahidi wa uvivu. Ardhi ya Mjambere ni finyu, lakini makopo, ndoo mbovu na magurudumu yaliyochakaa hayakosekani.

Hitimisho

Katika kusoma kwangu nilikutana pia na habari ya jirani. Huko Bamburi, mawe ya matumbawe yalichimbwa kwa ajili ya saruji hadi pakabaki jangwa jeupe. Mwaka 1971 mtaalamu wa kilimo kutoka Uswisi, Rene Haller, alianza kupanda miti hapo, na mivinje ikastahimili. Tatizo likawa kwamba majani yake makavu hayakuoza, na bila kuoza hakungekuwa na udongo. Waliolitatua tatizo hilo ni majongoo. Waliletwa, wakayala majani, wakayageuza mbolea, na juu ya udongo huo pakaota msitu ambao watoto wa shule za Mombasa hupelekwa kuutembelea.

Laiti ningaliijua habari hiyo asubuhi ile, ningalikuwa na jibu la swali la mtoto aliyetaka kujua jongoo anakula nini. Na hata bila kuijua, ningaliweza kutoka na watoto wote hadi chini ya mwarobaini uliokuwa uani, tukamweka jongoo juu ya majani makavu, tukangoja ajikunjue. Herufi ingalitungoja.